Safari ya siku moja kwenda baharini Southend baada ya kazi za nyumbani

Zipo familia za Waswahili wanaoishi London ambazo humaliza kiangazi kizima bila kukanyaga ufukwe, ilhali bahari iko mwendo wa takriban saa moja kwa treni. Kinachowazuia mara nyingi ni kazi. Jumamosi ndiyo siku ya kufua, kupiga deki, kununua vyakula vya wiki na kuwasuka watoto, na mpaka hayo yote yaishe jua limekwisha pinduka na kila mtu amechoka. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuziweka kazi hizo na safari ya Southend-on-Sea ndani ya siku moja, bila kuiacha nyumba ovyo na bila kufika ufukweni ukakuta maji yamekwenda zao. Southend uko Essex, kwenye mlango wa mto Thames, na ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2022. Nimeuchagua kwa sababu ndio ufukwe ulio rahisi kufikiwa na mtu anayekaa East Ham, Barking au Ilford, na kwa sababu maji yake yana tabia ambayo asiyeijua huipoteza siku yake bure.

Hatua ya kwanza: tazama maji kabla ya kupanga chochote

Watu wengi huanza na ratiba ya treni, kisha hupanga kazi ili waiwahi treni, na bahari huwa ya mwisho katika hesabu. Nashauri ufanye kinyume chake. Treni zipo kutwa nzima, lakini maji hayapo kutwa nzima. Ufukwe wa Southend una mteremko mdogo sana, kwa hiyo maji yanapokupwa hurudi nyuma zaidi ya kilomita moja na kuacha uwanda wa matope unaofika mbali kuliko macho ya mtoto yanavyoweza kuona. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 5, ambayo ni kubwa kuliko ile iliyozoeleka Unguja au Mombasa. Mtu aliyefika maji yakiwa yamekupwa kabisa hawezi kuogelea, hata awe na hamu kiasi gani.

Fungua tovuti ya EasyTide ya idara ya ramani za bahari ya Uingereza, ambayo hutoa bure utabiri wa siku 7, uchague Southend, na uandike saa ya maji kujaa kwa siku unayoikusudia. Angalia vizuri saa zimeandikwa kwa mtindo gani. Baadhi ya ratiba za maji hutumia saa za Greenwich mwaka mzima, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba lazima uongeze saa moja ndipo zilingane na saa ya ukutani. Kumbuka pia kwamba ratiba zote za huku, za maji na za treni, huhesabu kuanzia usiku wa manane: saa 4 asubuhi utaiona imeandikwa 10:00, na saa 10 alasiri ni 16:00.

Anayefuata kalenda ya mwezi ana wepesi wake hapa, kwa sababu anaweza kukadiria wiki kadhaa mbele kabla ya utabiri kutolewa. Siku za mwandamo na za mwezi mpevu, maji ya Southend hujaa kati ya saa 7 na saa 9 mchana kwa saa za kiangazi. Kila siku inayofuata husogea mbele, kwa wastani wa dakika 50 hivi, kwa hiyo tarehe 3 hadi 5 na tarehe 17 hadi 19 za mwezi wa Kiislamu maji hujaa alasiri, karibu na saa 10 au saa 11. Mwezi ukiwa nusu, maji ni mafu: hayaendi mbali sana, hayajai sana, hujaa mapema asubuhi na tena jioni, na mchana wake ni wa kupwa. Usiichukue hesabu ya nyumbani ukaileta huku, kwani pwani ya Afrika Mashariki bamvua hujaa karibu na saa 10, alasiri na alfajiri, na Southend ina saa zake.

Kutokana na hesabu hiyo, siku zinagawanyika mara tatu. Iliyo bora kwa mwenye kazi za nyumbani ni ile ambayo maji yanajaa alasiri: asubuhi yote ni yako, unaondoka nyumbani saa 6 mchana, na unafika maji yakiwa yanapanda. Siku ya maji kujaa saa 7 au saa 8 mchana ni nzuri pia, ila kazi lazima ziwe zimekwisha saa 4 asubuhi, jambo linalowezekana kwa waliotanguliza nusu yake usiku uliopita. Siku ya maji kupwa alasiri si ya kuogelea; ichague kwa ajili ya kutembea, kupanda gati, lile daraja refu linaloingia baharini, na kuwaonyesha watoto viumbe vya matopeni, na uwaambie mapema wasije wakalia kwa kukosa kuogelea.

Msimu nao una hukumu yake. Katikati ya Juni jua huzama Southend baada ya saa 3 usiku, kwa hiyo hata aliyefika saa 9 alasiri ana mchana mrefu mbele yake. Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri, na safari ya baada ya kazi haiwezekani tena isipokuwa kazi zenyewe ziahirishwe. Mimi naona Mei hadi Septemba ndiyo miezi ya safari hii. Maji hupata joto la kuvumilika kuanzia Julai, na Agosti na Septemba mara nyingi huwa na bahari yenye joto kuliko Mei, hata kama hewa ya Mei inapendeza.

Hatua ya pili: gawa kazi kati ya usiku na asubuhi

Kazi zote haziwezi kufanywa asubuhi moja, na anayejaribu huishia kukasirikiana na watu wa nyumbani kabla ya kutoka. Zigawe kwa kufuata kile kinachohitaji muda wa kungoja. Nguo huhitaji kungoja, chakula huhitaji kungoja, sakafu haihitaji.

Ijumaa jioni, baada ya chakula, fua mashuka na taulo, kwa kuwa ndizo zinazochelewa kukauka, na uzianike kabla ya kulala. Kwa wanaokaa ghorofani, anika kwenye kianikio karibu na dirisha lililofunguliwa kidogo, maana nguo mbichi katika chumba kilichofungwa huleta ukungu ukutani. Usiku huohuo pika mchuzi au maharage ya Jumamosi jioni, yaache yapoe, uyatie kwenye friji. Kama unapika wali au pilau, upooze upesi, ndani ya saa moja ikiwezekana, kisha uuweke kwenye friji na ule ndani ya siku moja. Wali uliokaa jikoni usiku kucha huweza kuotesha vijidudu ambavyo kupasha moto hakuviondoi sumu yake. Sufuria ya chakula kilicho tayari ndiyo inayoamua iwapo mtarudi kwa furaha au mtarudi kugombania nani aingie jikoni.

Jumamosi asubuhi, washa mashine ya kufulia mara tu unapoamka, iwe inafanya kazi huku nyinyi mkinywa chai. Wenye majirani chini au pembeni wangoje hadi saa 2 asubuhi, kwani kuta za nyumba nyingi za huku ni nyembamba na mzunguko wa kukamua husikika. Jambo moja nalisisitiza: usiiache mashine ya kufulia, ya kukaushia nguo wala ya kuoshea vyombo ikizunguka wakati nyumba haina mtu. Vikosi vya zimamoto vya Uingereza vinashauri hivyo kwa sababu mashine hizi zimewahi kuwasha moto majumbani, hasa za kukaushia ambazo vumbi la nyuzi halikusafishwa. Panga mzunguko wa mwisho uishe dakika 40 kabla ya kutoka, ili upate nafasi ya kuanika.

Wakati mashine inazunguka, kila mtu awe na sehemu yake. Mtoto wa miaka 7 anaweza kutandika kitanda na kukusanya viatu. Wa miaka 12 anaweza kupiga deki choo na bafu. Baba aende sokoni au dukani mapema kabla ya foleni, na mama asiachiwe jiko, nguo na watoto kwa pamoja, kwa sababu mtu aliyechoka saa 5 asubuhi hataifurahia bahari saa 9. Jikoni ndipo pawe pa mwisho. Osha vyombo, futa meza, toa taka zenye mabaki ya chakula zisije zikanuka kwa joto, kisha toka. Kupanga kabati, kupasi na kusafisha madirisha kuahirishwe hadi Jumapili. Hayo hayamzuii mtu kulala vizuri usiku.

Hatua ya tatu: chakula na mzigo

Beba chakula kikavu kinachoweza kukaa saa kadhaa bila friji: chapati, maandazi, mkate wa kumimina, karanga, matunda yasiyopondeka. Katlesi na sambusa za nyama zinahitaji mfuko wa baridi wenye vibarafu. Chupa ya chai ni ya lazima hata mwezi wa Julai, kwa sababu mtu akitoka majini huku meno yanagongana, na kikombe cha chai ya tangawizi hufanya kazi ambayo soda haiwezi. Chukua maji ya kunywa ya kutosha, na ya ziada kwenye chupa kubwa kwa kusafisha miguu yenye matope.

Nguo ziwe za tabaka. Upepo wa mlango wa Thames hupuliza hata siku ya jua, na nyuzi joto za ufukweni huwa chini kuliko za mtaani kwenu London. Sweta moja kwa kila mtu, koti jepesi la mvua, kofia, na mafuta ya kuzuia jua. Weusi wa ngozi hauzuii ngozi isiungue kabisa, na watoto hukaa juani muda mrefu bila kujua. Kanga mbili au tatu zina matumizi yasiyokwisha: kutandika, kujifunika, kubadilishia nguo, kumfunga mtoto aliyelala. Muhimu kuliko vyote hivyo ni viatu vya mpira vya kuingilia majini. Matope ya Southend yana maganda ya chaza yenye makali ya wembe, na kandambili hunasa na kubaki humo.

Hatua ya nne: treni

Kampuni ya c2c huondoka kituo cha Fenchurch Street na kupita Limehouse, West Ham, Barking na Upminster, kisha hufuata pwani kupitia Benfleet, Leigh-on-Sea, Chalkwell, Westcliff na Southend Central, na kuishia Shoeburyness. Njia ya pili ni ya Greater Anglia kutoka Liverpool Street kupitia Stratford hadi Southend Victoria. Kwa safari hii napendelea ya kwanza, kwa sababu baada ya Benfleet reli hukaribia maji na watoto hupata kuona boti zikielea, au zimelala ubavu kwenye matope, kulingana na saa. Kuwa makini na treni za c2c zinazopita Grays na Tilbury, maana hizo huzunguka na kuchukua muda mrefu zaidi.

Kata tiketi ya kwenda na kurudi siku moja hadi Southend Central, hata kama utashuka Chalkwell, kwa sababu utarudia Southend Central; anayekusudia kurudia Southend East, kama inavyoelezwa mwishoni, akate hadi huko. Muulize mhudumu dirishani iwapo tiketi hiyo inakubaliwa kwenye kampuni zote mbili, kwani zipo zinazokubaliwa kwenye moja tu. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu. Familia inayosafiri mara kwa mara itafaidika na kadi ya punguzo ya familia na marafiki, ambayo huwapunguzia watu wazima theluthi moja ya nauli na watoto asilimia 60. Kabla ya kulala Ijumaa, hakikisha hakuna matengenezo ya reli, kwa kuwa hufanywa sana mwishoni mwa wiki na basi la kufidia treni huweza kula saa nzima ya maji yako.

Hatua ya tano: shuka Chalkwell, uogelee maji yakipanda

Wageni wengi hushuka Southend Central na kuishia kwenye msongamano ulio karibu na gati. Shuka Chalkwell. Jukwaa la kituo hicho liko pembeni ya bahari kabisa, na ukitoka nje unakuta njia ya waendao kwa miguu na mchanga mbele yako. Mwenye mtoto kwenye kigari au mzee asiyeweza kutembea sana hana haja ya kuvuka mji.

Wakati mzuri wa kuingia majini ni kuanzia saa mbili kabla ya maji kujaa hadi saa moja baada yake. Kabla ya hapo utatembea matopeni ukitafuta kina. Baada ya hapo mkondo wa kutoka huanza kuvuta kuelekea nje. Mpeleke mtoto majini ukiwa naye mkono kwa mkono, na umruhusu acheze pale maji yanapomfika magotini mpaka mwili uzoee. Maji ya hapa ni baridi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi, na baridi ya ghafla humfanya mtu ahemee kwa nguvu na kumeza maji hata kama anajua kuogelea. Shirika la uokoaji baharini, RNLI, hufundisha kwamba ukipatwa na hali hiyo usipigane na maji: lala chali, masikio yawe ndani ya maji, tandaza mikono, ngoja pumzi itulie, ndipo uite msaada au uogelee kurudi. Wafundishe watoto jambo hilo nyumbani, sebuleni juu ya zulia, kabla ya siku ya safari.

Ogelea palipo na waokoaji, kati ya bendera mbili zenye rangi nyekundu na njano. Bendera nyekundu tupu maana yake usiingie. Mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa ukiwa umepandishwa, usiingie na maboya ya kupuliza, kwani upepo unaotoka nchi kavu huyachukua pamoja na mtoto aliye juu yake. Kama mvua kubwa imenyesha siku moja au mbili kabla, acha kuogelea, kwa sababu mifereji ya maji ya mvua na ya maji machafu hufurika kuingia baharini. Ufukweni kuna bango linaloeleza hali ya usafi wa maji, nalo lisomwe kabla ya kuvua viatu.

Hatua ya sita: maji yakikupwa

Wengine huyaona matope wakageuza uso, na hapo hupoteza nusu ya uzuri wa mahali hapa. Inama utazame. Juu ya matope kuna vichungu vidogo vya mchanga uliosokotwa kama tambi zilizomwagwa, na kando ya kila kichungu pana kishimo kidogo: chini yake anaishi mnyoo ambaye wavuvi wa huku humchimba kwa ajili ya chambo. Mnyoo huyo humeza mchanga, huchuja chakula chake, na kuutupa juu. Kwenye vidimbwi utakuta kaa wadogo wa kijani wakijifukia, na kombe ambao wavuvi wa Leigh huwavua kwa boti na kuwauza waliochemshwa kwenye vibanda vya Old Leigh, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu magharibi ya Chalkwell. Kwa mtoto aliyezaliwa London, saa moja ya kuinama hapo ina elimu kubwa.

Lakini usiende mbali. Uwanda huu haukutandazika sawasawa. Una mifereji, na maji yanaporudi huijaza mifereji iliyo nyuma yako kabla hujaona lolote mbele yako. Baki mahali ambapo sauti ya mtu aliye ufukweni inakufikia, uwe umejua saa ya maji kupwa kabisa, na uanze kurudi kabla ya saa hiyo, wala si baada yake. Mguu ukizama, usiukwamue kwa nguvu za mguu mwingine. Kaa au lala nyuma ili uzito usambae, utikise mguu taratibu, na kama hutoki piga 999 uombe walinzi wa pwani. Mashariki zaidi, ng'ambo ya Shoeburyness, iko njia ya kale ya mchangani iitwayo Broomway ambayo imeua watu wengi kwa maji kurudi na ukungu kushuka. Huko hakuendwi bila kiongozi anayeijua.

Hatua ya saba: gati

Kutoka Chalkwell fuata njia ya pwani kuelekea mashariki, upite Westcliff, na baada ya chini ya saa moja ya mwendo wa watoto utafika kwenye gati la Southend, refu kuliko magati yote ya starehe duniani. Urefu wake ni zaidi ya kilomita 2, na sababu yake ni hayo hayo matope: mwanzoni mwa karne ya 19 wageni walikuja kwa boti kutoka London, na maji yakipwa boti hazikuweza kukaribia nchi kavu. Gati la mbao lilifunguliwa mwaka 1830, likarefushwa baadaye kwa kuwa hata hilo halikufika kwenye kina cha kutosha, na la chuma likafunguliwa mwaka 1889. Limeungua zaidi ya mara moja, la mwisho likiwa mwaka 2005, na mwaka 1986 meli ililigonga na kulikata karibu na ncha yake. Kila mara limefunguliwa tena.

Juu yake kuna treni ndogo. Ushauri wangu ni kwenda kwa treni na kurudi kwa miguu, au kinyume chake kama upepo unavuma kutoka nchi kavu, ili upepo ukusukume mgongoni badala ya kukupiga usoni nusu saa nzima. Uliza saa ya treni ya mwisho kabla ya kulipa kiingilio, na kabla ya kutoka nyumbani hakikisha gati limefunguliwa siku hiyo, maana hufungwa siku kadhaa nje ya kiangazi na wakati wa upepo mkali. Kwenye ncha, kaa upande wa kusini uangalie meli za makontena zikiingia na kutoka Thames. Kent iko ng'ambo. Samaki na chipsi vinunuliwe mkishuka, na vilindwe, kwa sababu shakwe wa hapa hunyakua mkononi mwa mtu mzima bila woga.

Kwa mzee aliyekuja kutembea kutoka nyumbani, bibi au babu, kilima kati ya mji na ufukwe kisimtie hofu. Karibu na gati kuna lifti ya kupandia mjini. Wenye kuswali watapata msikiti eneo la Westcliff, na katikati ya kiangazi adhuhuri na alasiri huachana kwa saa kadhaa, kwa hiyo mtu anaweza kuswali adhuhuri nyumbani kabla ya kutoka, akaswali alasiri huku bila haraka.

Kwa walio mbali na London

Kanuni ya kuanza na maji inafanya kazi kwingine pia, ila hukumu yake hubadilika. Brighton ina ufukwe wa mawe na kina cha karibu, kwa hiyo saa ya maji haina uzito sana. Blackpool, kwa walio Manchester, maji yakijaa hufika kwenye ukuta na mchanga wote hupotea, hivyo watoto wenye ndoo na sepetu wapelekwe maji yakiwa yanakupwa. Weston-super-Mare, kwa walio Bristol na Birmingham, iko kwenye mlango wa bahari wenye maji yanayopanda na kushuka kwa zaidi ya mita 12 wakati wa bamvua, na matope yake ni ya hatari kuliko ya Southend. Huko usitoke nje ya mchanga mkavu. Skegness, inayofikiwa kwa treni moja kutoka Nottingham, ina mchanga mpana na inawafaa wenye watoto wadogo, ingawa upepo wake unataka sweta la pili.

Hatua ya mwisho: kurudi

Siku ya joto, treni za kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku hujaa sana. Ama ondoka kabla yake, ama kaa ufukweni mpaka watu wapungue, kwani katikati ya kiangazi bado kuna mwanga. Osha miguu ya watoto kwa yale maji ya ziada kabla ya kuondoka ufukweni, si kwenye choo cha kituo, na nguo zenye matope zitiwe kwenye mfuko wa plastiki ulio peke yake. Zikifika nyumbani zisuuzwe kwa maji baridi ndani ya ndoo kabla ya kuingia kwenye mashine, la sivyo mchanga utaziba chujio. Wenye watoto waliolala au wazee wasioweza kusimama wasipandie Southend Central. Watembee taratibu hadi Southend East, kituo kimoja nyuma kuelekea Shoeburyness, wapande treni ya London kabla haijafika palipo na umati, na wachague behewa la mwisho.